Mtani Hakasirikiwi

Hakuna kinachochosha kama kitu cha bure. Ningekuwa na uwezo ningeyaandika maneno hayo juu ya mlango wa karakana ya elektroniki hapa chuoni kwetu, Mtwara, wanafunzi wayasome kila wanapoingia.

Shirika moja la ng'ambo lilitupa bure programu za kuchorea chipu, kile kidude cheusi kinachokaa ndani ya simu na redio na kufanya kazi yote huku sifa zikienda kwa kioo. Likatupa bure na nafasi ya kutengenezewa chipu yetu wenyewe kiwandani. Wanachukua kisahani kimoja cha silikoni, wanakikata viwanja kama halmashauri inavyokata viwanja vya kujenga, kila chuo kinapata chake, na kiwanda kinavitengeneza vyote kwa mkupuo mmoja. Mimi, Mwanahawa binti Thabiti wa Mikindani, mwalimu wa karakana hiyo, niliihangaikia nafasi ile mpaka nikaitwa kichaa. Siku tuliyokubaliwa nililia kwa furaha. Karibu mara zote nilizolia baada ya hapo zilikuwa za hasira.

Yalianza masharti. Programu zinafanya kazi kwenye kompyuta moja tu iliyosajiliwa, hiyo na si nyingine, na mchoro lazima utumwe kutoka humohumo. Siri za kiwanda zilizomo ndani yake ni marufuku kunakili. Hati ya kutunza siri isainiwe na mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo hasaini asichokielewa, na hawezi kuelewa mpaka kamati imweleweshe, na kamati nayo inataka kueleweshwa na mimi. Nilisimama mbele ya watu wazima wenye tai nikaeleza chipu mpaka koo likakauka. Nilipomaliza, mmoja wao aliuliza kwa nini wanafunzi wasinunue iliyokwisha tengenezwa Kariakoo. Nikaeleza upya kutoka mwanzo.

Halafu wanafunzi wenyewe. Walianza wengi, wakapungua kila somo lilipopanda ugumu, wakabaki wawili. Mmoja ni Nuhu, Mmakua wa Masasi, kijana mwenye akili nyingi na mdomo unaozishinda akili hizo. Mwingine ni Subira, Mmakonde wa Mahurunga, kule karibu na mto Ruvuma. Huyu haongei. Ukimuuliza swali leo, atakujibu kesho, na jibu litakuwa sahihi, na wewe utakuwa umeshachomeka waya vibaya.

Wazo la chipu lilikuwa la Subira. Korosho yenye unyevu mwingi ghalani haipokelewi, na ni haki, kwa sababu inaoza na kuozesha za wenzake. Lakini nani anapima? Kijijini kwao kipimo cha ghala kinakufa kila msimu, na kikifa karani anachota korosho kiganjani, anazitikisa karibu na sikio kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari, anatangaza: mbichi, rudisha. Msimu uliopita alimrudishia babu yake Subira, mzee Nassoro, magunia yote. Mzee akaanika upya, mvua ikanyesha, korosho zikaota ukungu, na mzee akakaa kimya mpaka mwezi ukaisha. Subira akataka chipu ya kuwekwa ndani ya kijiti cha bei ndogo, unachomeka guniani, kinakwambia ukweli ukiwa nyumbani kwako kabla karani hajakusogelea. Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Nilimwona akikichora tangu kifuku mpaka kiangazi, mstari kwa mstari, na sikuwahi kumsikia akilalamika, ingawa mimi nililalamika kwa niaba yetu sote.

Ndani ya programu zile mna kitu tulichokiita Mkaguzi. Kazi yake ni kupekua mchoro na kutia alama nyekundu popote mistari ilipokaribiana mno au kuwa myembamba mno, kwa maana kiwanda hakitaki mchoro wenye wekundu hata kidogo. Na mwisho wa kutuma ulikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni kwa saa zetu. Ukikosa, kiwanja chako kinapewa chuo kingine. Nuhu alikuwa mwaka wa pili, angeweza kungoja awamu nyingine. Subira alikuwa anamaliza masomo mwezi uliofuata, na vya bure vile ni vya wanafunzi peke yao. Kwake yeye ilikuwa Ijumaa ile au basi.

Alhamisi asubuhi akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Mwalimu, babu amefariki."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, mwanangu. Pole sana."

"Naomba niende na ile laptopu iliyosajiliwa. Wekundu umebaki kidogo."

Mzee mwenyewe ndiye aliyefariki, yule wa magunia. Nikamkumbatia, nikamwambia achukue. Getini mlinzi akasema chombo cha chuo hakitoki bila kibali cha stoo, na mtu wa stoo alikuwa kwenye harusi Mikindani, harusi ya binamu yangu ambayo mimi mwenyewe nilikosa kwa sababu ya chipu. Nikapiga kelele getini pale mpaka mlinzi akafungua akitazama pembeni. Subira akapanda bodaboda na kompyuta kifuani, akaenda kuzika.

Jioni akanitumia ujumbe: "Mwalimu nimemaliza. Hakuna nyekundu. Kesho asubuhi natuma mtandao ukikaa sawa." Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala muda mrefu.

Asubuhi simu yake haikupatikana. Nikajaribu tena na tena, yule mwanamke wa kwenye simu akanijibu kwa adabu zile zile zinazoniudhi. Mwisho ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa mama yake Subira, Bi Halima.

"Mwalimu, samahani. Ile laptopu imechukuliwa."

"Imechukuliwa na mwizi?"

"Hapana, Mwalimu. Na mtani."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nilimsikia vizuri sana. Wamakonde na Wamakua ni watani, na msiba ukiingia kwa huyu, yule anakuja na fujo zenye ruhusa: anamwigiza marehemu, anateka vitu, anatoza faini, na aliyefiwa anatakiwa acheke. Nayajua mambo hayo. Nilikuwa sijajua kwamba yanaweza kuteka kompyuta yenye siri za kiwanda siku ya mwisho ya kutuma mchoro. Nikamwita Nuhu, tukakodi bajaji, na njia nzima ya vumbi nilikuwa nikimweleza dereva matatizo ya nchi hii. Dereva alikuwa mtu mwema. Alikuwa akisema, "Ndiyo, mama," kila tulipoingia shimoni.

Karibu na Mahurunga simu yangu ikalia, ujumbe ukanikaribisha Msumbiji. Sikuwa nimevuka mto wala sikuwa na mpango huo, ila mnara wa ng'ambo una nguvu kuliko wetu, ukikuvuta umekuvuta. Saa ya simu nayo ikarudi nyuma saa nzima, kufuata ya huko. Nikaapa sitaiangalia simu tena, nitafuata saa ya mkononi.

Mzee Nassoro alikuwa ameshazikwa jana yake. Uani palikuwa na mikeka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, sufuria za msiba zimepangwa kando ya jiko la mafiga. Na katikati ya uwanja alikuwa anatembea mwanamke mmoja wa Kimakua, mwembamba, mzee wa kumpita mama yangu. Amevaa koti la marehemu. Amevaa kofia ya marehemu. Ameshika bakora ya marehemu, anakohoa, na kila akikohoa watu wanapasuka kwa kicheko kwa sababu ndivyo alivyokuwa akikohoa mwenyewe. Mgongoni, amefungiwa kwa kanga kama mtoto mchanga, alikuwa amebeba kompyuta yangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Bibi nani? Mie Nassoro. Marahaba. Umekuja kunizika? Umechelewa, nimezikwa jana."

"Pole kwa msiba. Nimekuja kuchukua hiyo kompyuta ya chuo."

"Kompyuta gani?" Akajipigapiga mgongoni. "Huyu mjukuu wangu. Ndo kwanza kalala. Ukipiga kelele ataamka, na wewe ndo utamnyonyesha."

Watu wakacheka. Nuhu akacheka. Nikasema, na sauti yangu naijua, inafika getini bila kusafiri, "Bibi, hicho si kitu cha mchezo! Kuna kazi ya miezi humo ndani, na leo ni mwisho!"

Uwanja mzima ukasema "Aaaah!" kwa pamoja. Bi Halima, aliyekuwa anakuja kunipokea, akafumba macho. Yule bibi akainua bakora juu.

"Faini! Kamkasirikia maiti. Ndoo mbili za maji toka kisimani, na bila ngata kichwani."

"Sibebi ndoo! Mimi nitamwita mwenyekiti wa kijiji sasa hivi!"

Mwanamume mmoja aliyekaa mkekani akainua mkono wenye kikombe. "Mwenyekiti ndo mie, Mwalimu. Karibu sana. Lakini hapo mie siingii."

"Faini!" akapiga kelele bibi. "Na sufuria zote hizo. Na sahani."

Nikamgeukia Nuhu. Kwani si Mmakua yule? Nikamwambia, nenda kaongee na mwenzako. Akaenda, akapiga goti, akasalimia kwa Kimakua, akaulizwa ukoo, akajibu, na muda si muda nikamwona amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai na kipande cha muhogo, na bibi amemwita mjukuu.

"Nuhu!"

"Mwalimu, nisamehe. Huku mie ni mtani. Nikikusaidia nitakuwa nimewasaliti wenzangu."

Nilitaka kumfukuza chuo palepale. Badala yake nilikwenda kisimani, nikabeba ndoo bila ngata, maji yakanimwagikia mpaka ndani ya gauni, kisha nikakaa kwenye kigoda mbele ya rundo la sufuria zenye ukoko wa ubwabwa. Shahada yangu iko ukutani Mikindani. Nilisugua kwa majivu, na kila nilipotazama saa mkononi, mshale ulikuwa umesogea.

Bi Halima akaja kukaa kando yangu, akachukua sufuria moja.

"Mwalimu, mtani hakasirikiwi. Ukikasirika anaongeza."

"Nimeona."

"Hakuichukua kwa ubaya. Jina lake Bi Tabu. Tangu Subira kafika hajalia. Maiti ya babu yake inatoka ndani, yeye kainamia hilo dude. Tunasoma Yasini, yeye kainamia. Nimemwita kula, hasikii. Asubuhi Bi Tabu akasema, mtoto huyu akiachiwa hiki kitu atakuja kuzikwa nacho. Akamnyang'anya. Akaichukua na simu."

"Sasa kalia?"

"Bado. Kakaa ndani anatazama ukuta."

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu kazi, na bidii, na jinsi mtoto huyo alivyokesha, lakini yote yalinikwama. Mtoto amefiwa na mtu aliyekuwa akichorewa chipu ile, na mimi nimepanda bajaji kufuata kompyuta. Sikufurahi kuliona hilo. Nikasugua kwa nguvu zaidi.

Nilipofika kwenye sahani ndipo nilipogundua kitu. Sahani zote zilikuwa za bati, isipokuwa moja ya udongo yenye maua, ukingo wake umemegeka. Niliiosha. Baada ya muda watoto wakaleta vyombo vingine, na ile ya maua ikiwemo, imejaa punje za ubwabwa. Nikainua macho. Bi Tabu alikuwa anajifuta mdomo kwa mkono wa koti.

Nikasimama na ile sahani mkononi. Sijui ni uchovu au ni nini.

"Ewe marehemu!" nikaita. "Nina swali. Kama umekufa kweli, mbona sahani yako nimeiosha mara mbili?"

Kisha mwenyekiti akamwaga chai. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaona haya kwa kuwa ni msibani, wakapiga tena. Bi Tabu alicheka mpaka kikohozi cha kuigiza kikawa cha kweli, akashika bakora kwa mikono miwili asianguke.

"Huyu sasa kafiwa," akasema akipata pumzi. "Huyu wa kwetu. Mpeni mtoto wake." Akafungua fundo la kanga.

Ilikuwa imeshapita alasiri. Nikamwita Subira barazani, yeye mwenyewe akatoka ndani kwa miguu yake, uso mkavu, akachukua kompyuta bila kumtazama mtu. Nuhu akaja na muhogo mdomoni, ameshasahau usaliti wake. Tukaiwasha. Nikasema, endesha Mkaguzi mara ya mwisho, kisha tuma, twende zetu.

Mkaguzi akaanza kupekua. Nikaona alama moja nyekundu kwenye kona ya juu. Nikaona ya pili. Kisha kona nzima ikawaka nyekundu.

"Nini hiki?" nikasema. "Subira, si ulisema hakuna nyekundu? Nini hiki?"

Nuhu akaikuza ile kona, akaikuza tena, na pale katikati ya wekundu, kwa mistari ya chuma iliyochorwa kwa mkono wa mtu asiyejali sheria ya kiwanda wala ya yeyote, zikaonekana herufi: NASSORO.

Wachoraji wa chipu duniani kote huweka alama zao kwenye kona, mmoja ua, mwingine herufi za majina yao. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, darasani, kwa kujidai. Lakini kona yetu ilikuwa finyu. Ili Mkaguzi aridhike, herufi zilitakiwa kuwa nene na zikae mbalimbali, na nafasi ilitosha herufi moja. Yeye alibana saba.

"Niliweka jana baada ya kukutumia ujumbe," akasema Subira. "Sikukagua tena."

"Sawa. Futa."

"Sifuti."

"Subira, futa! Unaona saa? Unaiona hii saa?"

"Nimeiona, Mwalimu. Sifuti."

"Weka N peke yake," akasema Nuhu. "Herufi moja inaingia."

"N ni nani? N ni Nuhu pia. N ni kila mtu." Na hapo sauti yake ikatetemeka kwa mara ya kwanza. "Hana kitu kingine. Shamba atagawiwa mtu, koti limeshavaliwa, korosho zimeoza. Hii ilikuwa yake. Bila jina lake mie siitumi. Wachukue kiwanja chao."

Hasira iliyonipanda hapo sijawahi kuiona. Nilimkumbuka kila mtu niliyempigia magoti, kamati, stoo, mkuu wa chuo, nikataka kumnyang'anya mashine nifute mwenyewe, na ningeweza, ni kubonyeza mara moja tu. Mkono wangu ulishafika. Lakini kazi ile ilikuwa yake, na maiti ile ilikuwa yake, na kwa vile alivyonitazama nilijua kwamba nikibonyeza atakuwa na chipu na hatakuwa na mwalimu. Nikaurudisha mkono. Nikakaa sakafuni barazani, nikashika kichwa.

Ndipo bakora ikagonga sakafu.

"Nani ananiita?" Bi Tabu alikuwa amesimama juu yetu na koti lake na kofia yake. "Nimelala kaburini nasikia Nassoro, Nassoro. Haya, nimekuja. Mnataka nini?"

Hakuna aliyecheka. Subira akainua uso. Bi Tabu akajishusha polepole, kwa kuguna, akakaa kwenye ngazi kando yake, akakohoa kile kikohozi.

"Nionyeshe jina langu."

Subira akamwonyesha kwa kidole. Bi Tabu hajui kusoma, lakini alilitazama muda mrefu.

"Zuri. Sasa litakwenda wapi?"

"Kiwandani, babu. Ng'ambo."

Alimwita babu. Sote tulisikia.

"Ng'ambo nina nani mie? Nimekaa Mahurunga maisha yangu yote, hata Mtwara nilikuwa sipapendi, wanaweka sukari kidogo. Leo nimekufa ndo unanisafirisha? Watu wa huko wakiniona watauliza, na huyu nae kafanya nini? Mtawajibu nini? Kafa. Basi." Akakohoa. "Halafu hayo mekundu ndo nini?"

"Kiwanda hakitaki. Ukiwepo wewe, chipu hawaitengenezi."

"Kwa hiyo mie ndo nimekaa mlangoni nawazuia watu kupita?" Akatikisa kichwa kwa kuudhika, bila shaka hivyo hivyo alivyokuwa akiudhika mwenye koti. "Mjukuu, sikiliza. Korosho za mama yako zipo shambani, msimu unakuja, na karani yule bado hajafa. Mimi nimeshakufa. Niondoe hapo mlangoni. Nimekupa ruhusa mie mwenyewe, Nassoro bin Hamisi, na mashahidi hawa hapa. Futa."

Subira alimwangalia usoni, chini ya ile kofia, kama anayetafuta mtu. Kisha akageukia kompyuta. Akazifuta herufi moja moja kuanzia mwisho, na kila moja ilipotoka kipande cha wekundu kilizimika. N alibaki nayo kidogo. Halafu nayo akaifuta.

Mkaguzi akapita, hakuweka alama. Tukaunganisha simu ya Nuhu, ikakamata mnara wa Msumbiji, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaushukuru. Mchoro ulikwenda polepole huku jua likizidi kuinama, mtandao ukikata tunapumua kwa pamoja, ukirudi tunapumua tena. Jibu likaja: umepokelewa, hauna kasoro. Nuhu akaruka. Dakika zilizobaki hazikutosha hata kuchemsha chai.

Subira akaifunga kompyuta. Akaigeukia ile kofia na lile koti, akasema taratibu, "Babu, nimekufuta."

Akaangua kilio. Kilimtoka kilio ambacho wanawake wote uani walikuwa wakikingoja tangu jana, mama yake akaja mbio, wakamshika. Na mimi nilikuwa nalia, nasema wazi, sikuwa na aibu.

Bi Tabu alibaki kwenye ngazi. Alishika ukosi wa koti kwa mikono miwili, midomo inamcheza. Mtani halii msibani. Akilia yeye, nani atawashika waliofiwa? Watu walianza kugeuza nyuso wasimwone. Mimi nilikuwa karibu, ndiyo maana nilisikia aliposema kwa sauti yake mwenyewe, ndogo, isiyo ya mzee Nassoro hata kidogo:

"Tulikubaliana nitangulie mie. Yeye ndo aje anicheze msibani kwangu."

Sijui kufariji watu, najua kufoka. Basi nikasimama katikati ya uwanja, nikaweka mikono kiunoni, nikapaza ile sauti yangu.

"Na nyie watani, mmenichosha! Mmenilowesha, mmeninukisha majivu, mmemnunua mwanafunzi wangu kwa muhogo! Hizo sahani zilizobaki mimi sizioshi, aoshe marehemu aliyezilia!"

Bi Halima akanitazama kwa hofu. Bi Tabu akageuka polepole. Akanikodolea macho yale yaliyolowa, kwa muda, mpaka nikaogopa kwamba nimekosea vibaya mno. Kisha akajifuta pua kwa mkono wa koti, akatafuta bakora chini, akaishika, akajiinua.

"Faini," akasema. Sauti ilikuwa bado haijakaa sawa. Akakohoa, ikakaa. "Ndoo mbili nyingine."

Nikaenda kuchukua ndoo.